Frezi za Citoyen Kankolongo

"Ng'oa frezi zako, Citoyen, kabla vidudu havijamaliza biringanya zangu," Mama Mwadi alikuwa akisema juu ya ua wa matete. Sisi majirani tulikuwa tumekwisha kutoka na viti, maana kwetu mtaa wa Kasuku ugomvi hausikilizwi kwa kusimama.

Kankolongo, karani wa gari la moshi, alileta miche ya frezi, wengine husema stroberi, kutoka Bukavu ili aweke sahani ya matunda ya Wazungu mbele ya wakubwa wa Parti. Kindu, na joto hili! Frezi zikatoka ndogo kama kucha. Halafu chini ya majani ukaingia utitiri mwekundu, mdogo kuliko chembe ya chumvi, ukafuma utando, majani yakawa rangi ya kutu. Akapiga dawa. Utitiri dhaifu ukafa, pamoja na wadudu waliokuwa wakiula. Ule mgumu ukabaki, ukazaa mgumu mwenzake. Akaongeza dawa ileile. Utitiri ukanenepa, sisi tukakohoa.

Sasa, wima ndani ya abakosi yake, koti la watu wa Parti, akajibu kwamba tuta lake ni safi, amelipiga dawa asubuhi ileile, na utitiri umetoka kwa Mwadi, mwanamke asiyejua hata pompi ya dawa inashikwa wapi.

Nikamletea sahani yangu nyeupe, akung'ute jani lake juu yake. Kama ni safi, Mwadi atamwomba msamaha mbele yetu wote. Akalikung'uta kwa vidole viwili, kama mtu anayetia sahihi. Vidoti vyekundu vikaanguka, vikatulia, kisha vikaanza kutembea.

"Vinakufa," akasema.

"Basi vinakwenda kufia kwenye kidole chako," Mwadi akajibu, maana kimoja kilikuwa kimeshapanda ukucha.

Tulicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Mwadi hakucheka, biringanya zile ndizo zinalisha nyumba yake.

"Jina lako la Kizungu, Edouard, uliliacha kwa siku moja, Parti ilipokuambia tu," akasema polepole. "Frezi njo zinakushinda?"

Kankolongo akavua abakosi. Akang'oa tuta lote, akarundika, akachoma. Mwadi akakata majani yake yaliyoshika kutu karibu na ua, akayatupa motoni, akayaosha yaliyobaki upande wa chini. Sisi tukahamisha viti, moshi usitufikie.

Wengine walipoingia kwangu kula, Kankolongo alibaki amesimama mbele ya majivu.

"Nawa mikono, baba, tena kwa sabuni," nikamwambia. "Halafu ingia ule. Iko sombe na samaki ya Lokandu. Frezi haiko."