Tangi Lililokula Mochi

Tangi la maji moto la hamamu ya Mama Isono, bafu letu la umma, lilinguruma tangu enzi zile mimi na nywele zangu tulipokuwa bado tunakaa nyumba moja. Mtaa mzima uliuzoea mngurumo ule kama jirani mkoromaji. Kwa hiyo alasiri ile ya siku ya mwisho ya mwaka, liliponyamaza ghafla, hata mbwa wa muuza samaki aliinuka akahama.

Shemeji yangu Genzaburo, mchochea moto wa pale, alinijia mbio kwenye theluji, miguuni ndala tupu.

"Shemeji, chukua spana. Limenyamaza."

"Si umezima moto?"

"Moto unawaka. Ila lile bomba la juu ni kavu. Kavu kabisa!"

Hapo nikavaa viatu. Bomba la juu ndiyo pua ya tangi: joto likizidi, vali hufunguka na mvuke hutokea huko. Likiziba, tangi hujaza kifua tu, halitoi pumzi. Na nyuma ya ukuta wa mbao watu walikuwa wamefurika, maana hapa kwetu nani huvuka mwaka na uchafu wa mwaka jana? Mke wangu Fusae alikuwa upande wa wanawake, na Fusae akishaingia majini hatoki mpaka vidole viwe zabibu kavu.

Nikapanda ngazi. Tangi lilikuwa limevikwa kiunoni kamba ya heri ya majani ya mpunga. Nilisogeza kiganja, bati lilitetemeka kimyakimya, kama mtu anayemeza hasira. Nati iliyoshika bomba ilikuwa imeliwa na kutu hadi pembe zake zimekwisha. Nikaing'ang'ania kwa spana. Wala haikunitambua.

"Ipige nyundo!" Genzaburo akasema.

"Nipige tangi lililovimba? Kapige kichwa chako. Toa moto kwanza."

Mama Isono alikuwa amesimama mbele ya tanuri, mkononi sinia lenye donge la mochi, mchele wa kunata uliotwangwa. "Atakayegusa moto wangu leo nitamzika nao. Kila mwisho wa mwaka nalilisha tangi hili, na kila mwaka linapokea. Haliwezi kunidhuru."

Kweli lilipokea. Kila mwaka donge liliwekwa juu kabisa, na baada ya siku chache halikuonekana. Sote tulishangilia.

Nikapaza sauti juu ya ukuta: "Tokeni! Tangi linapasuka!"

Kicheko. Kisha sauti ya Fusae: "Si yuleyule aliyevua samaki mwenye meno ya dhahabu? Nyamaza, mzee, tunaoga!"

Tangi likalia, tik. Kisha tena, tik. Ribiti moja, msumari wa kubana bati, ikachomoka nusu, ikanikodolea macho.

Mama Isono aliisikia. Uso ukamwisha damu, akasogea kando. Genzaburo akaanza kukokota makaa nje, theluji ikichemka. Lakini joto lililokwisha kuingia halitolewi kwa koleo. Maji moto yalipaswa kutoka, tena upesi, na ukweli ulikuwa umeshachekwa. Nikatumia kitu ninachokimudu zaidi: uongo.

"Jamani! Mama Isono anasema leo fungulieni koki zote za maji moto, mpaka mwisho! Ni zawadi!"

Hakuna koki iliyofunguka. Mwanamke huyu hugonga ukuta akisikia koki inatiririka bure.

"Aseme mwenyewe!" mtu akajibu.

Mama Isono akausogelea ukuta. "Fungulieni," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Shangwe zilizolipuka! Koki zote zikafunguliwa kwa mkupuo. Tangi likaguna, likayumba, na mshale wa kipimo cha mvuke ukaanza kushuka, kwa kinyongo.

Mshale ulipolala, nikairudia nati. Nikaitia mafuta, nikaigongagonga kuizunguka, nikaiacha inywe. Kisha sikuifungua, niliikaza kwanza, unywele tu, kutu ikatike. Ikapiga yowe. Nikageuza upande wa pili, ikaja.

Ndani ya bomba mlikuwa na kitu cheupe, kigumu kama jiwe la mtoni, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Genzaburo alikinusa.

"Mochi," akanong'ona.

Miaka yote lile donge lilikalishwa kwenye mdomo wa bomba, pahali pekee palipo bapa. Mvuke ukililainisha, likateleza ndani, likakauka juu ya la mwaka uliotangulia. Nasi tulikuwa tunapiga makofi.

Fusae akatokea, povu kichwani. "Nani kamaliza maji moto?"

"Muulize tangi," nikasema.

Mama Isono alilitazama donge kwenye sinia lake. "Na hili niliweke wapi?"

"Popote, mama. Ila si juu."

Akaliweka sakafuni, mbele ya tanuri lililopoa, akapiga makofi mawili ya kuomba heri, akainama.

Asubuhi donge halikuwepo. Genzaburo anasema ni panya. Labda. Lakini tanuri lilikuwa halijawashwa, jivu ni baridi, nami nilisimama pale na spana yangu, nikisikiliza.

Tangi lilikuwa linanguruma.