Kuhesabu Hadi Kumi

…na akisema ndiyo, basi yamekwisha, saa nane mfumo wa kutunza kumbukumbu unatoka na alama yake ndani, alama aliyoipigania miezi mitano, inayoiambia diski usiliguse ombi hili la kuandika mpaka yaliyolitangulia yaandikwe, si yapokelewe, yaandikwe, maana diski nayo ina ujanja wake, hupanga foleni upya ili iende mbio, ikaitikia "tayari" na kazi bado iko mkononi… "Haya, Mama Foleni, tunaendelea?" anauliza mkuu wao kikaoni, kalamu juu ya karatasi ya idhini, Mama Foleni ndilo jina walilombandika, naye analipenda, Mungu amsamehe, majaribio mia mbili ya kukata umeme katikati ya kazi yamepita, walimpigia makofi, hakuna aliyeuliza umeme alikuwa anaukataje, kwa mkono, swichi ya ukutani, ila kila mara alihesabu kwanza hadi kumi, diski yenyewe ya kuazima, aliionea huruma, na katika hizo kumi diski ilimaliza kazi yote kwa raha zake, sasa amepima nini, amepima subira yake tu… Jumanne alizima bila kuhesabu, mara moja, na ombi la mwisho lilikuwepo, la kwanza halipo, akafuta matokeo, akaenda kunywa chai, chai!… na dada yake, muuguzi, anayetumia mashine za mfumo huu huu wodini, juzi wakikunja nguo, "Mdogo wangu, mimi naandika dawa na kipimo kwanza, ndipo natia tiki kwamba mgonjwa kapata, nikigeuza nitaua mtu," wakacheka wote wawili, sasa umeme ukikatika tiki ipo, kipimo hakipo, na wa zamu inayofuata atasoma nini… "Tunakusubiri wewe tu, dada," mkuu anasema, kwa upole, na upole ndio unaomchoma, angefoka angepata pa kujificha, watasema alituficha, na kweli kawaficha, siku tatu, mficha uchi hazai, anawatazama mmoja mmoja, watu sita, mafundi wanaokagua hata koma za wenzao, na kazi yake hakuna aliyeikagua, hata mmoja, kwa kuwa ni yeye, walimwamini, hilo tu, na kalamu bado iko juu ya karatasi, lakini kinachomtisha sasa si kusema hapana tena, ni kusema ndiyo…