Lupango Juu ya Njia

Posti ya Masisi, kituo cha serikali ya Wabelgiji, ilipoanza kupanuka, mwaka wa 1954, walituletea barabara mpya. Zimenyooka, sikatai. Lakini barabara gani hizi hazisalimiani? Kila moja inapanda mulima, inafika kwa nyumba ya ajenti, Muzungu mwenye kusimamia posti, inaishia pale. Njia yetu ya zamani ya kwenda dispansere wakaifunga na lupango, ukuta wa miti. Sasa tuzunguke mulima wote, eti njo maendeleo. Aka! Mimi Nyiramana nilikataa toka siku ya kwanza. Njia ya watu haina mwenyewe.

Siku moja Thacienne, muke wa mwana wangu, alishikwa na uchungu. Mutoto alikuwa amekaa vibaya. Mukunga akasema apelekwe dispansere mbio, ao tutawazika wote wawili. Tukamulaza ndani ya ngobi, machela yetu ya matete, majirani wakabeba. Kwetu ngobi yenye mugonjwa haishushwi chini njiani. Inayoshushwa ni ya maiti.

Mbele alibeba Munyakazi, kapita, musimamizi wa wafanyakazi wa posti. Lupango ile, yeye njo aliisimamisha. Tulipofika pale akasimama.

"Mama, tuzunguke. Nikipita hapa, kazi yangu iko kwisha."

"Basi mushushe chini," nikamuambia. "Thacienne anakusikia."

Alikaza miti ya ngobi kwa bega. Thacienne akalia. Munyakazi akapiga lupango teke, akapiga tena, nami nikang'oa miti na mikono yangu mpaka damu ikatoka. Tukapita. Mutoto alizaliwa kabla jua halijazama, mwanaume, mwenye sauti kubwa kama mimi. Nililia kwa furaha.

Munyakazi alifukuzwa kazi kesho yake. Hata hivyo, siku ya kumurudisha Thacienne nyumbani alikuja kubeba. Nikawaambia tupite palepale.

Tulimukuta ajenti mwenyewe pale, na wafanyakazi wanachimba mashimo ya nguzo mpya za lupango.

"Muzunguke," akasema. "Hapa hakuna njia."

Hasira ilinipanda mpaka kichwani. Niliingia ndani ya shimo lake, nikakaa.

"Simamisha nguzo yako, Bwana. Mimi niko hapa."

Aliangalia wafanyakazi wake. Wote waliweka majembe chini. Nyuma ya mugongo wangu wabebaji walikuwa wanapita na Thacienne na mutoto.