Isale Wodini

Wagonjwa saba walikaa duara kwenye viti vya mbao, magoti yakikaribiana. Zamu ya Elinipendo ilipofika, alisema yale yale ya wiki tatu. Mumewe alifariki mwaka wa tisini na mbili. Shemeji yake, Eliamini, akang'oa masale, mimea ya mpakani, kule Masama, akampa mtu wa mjini nusu ya kihamba, shamba la marehemu, ajenge hoteli. Elinipendo alipokaa ndani ya shimo la msingi na kukataa kutoka, alifungwa kamba akaletwa hapa Moshi, wodi ya wagonjwa wa akili.

Sista Violet, muuguzi aliyeongoza kikundi, aliandika: bado anang'ang'ania.

"Mama, unajiponza," Theodory, aliyekaa kando yake, alinong'ona. "Sema unamsikia marehemu. Wiki ijayo sema humsikii tena. Mimi nimetoka hivyo mara mbili."

"Na mara zote mbili umerudi."

"Lakini nilitoka."

Siku hiyo ndugu walikuwa wamealikwa. Eliamini aliingia na suti ya kanisani, akawasalimia wote kwa adabu, kisha akatoa mfukoni jani la isale lililofungwa fundo. Akapiga goti mbele ya shemeji yake, akaomba msamaha kwa yote, bila kuyataja.

Elinipendo alijua, kama kila mtu wa mlimani: anayeletewa isale husamehe, na akishalipokea, shauri lile halifufuliwi tena, si mbele ya ukoo, si kwa balozi wa nyumba kumi.

"Na kihamba?" aliuliza.

Eliamini alimgeukia muuguzi. "Unaona mwenyewe, Sista."

Sista Violet, mzaliwa wa Marangu, aliweka kalamu chini. "Mama, isale halikataliwi. Mtu mwenye akili timamu hawezi." Akamkumbusha kwa upole kwamba bila saini ya ndugu hakuna ruhusa ya kutoka.

Mkono wa Elinipendo ulichelewa. Kisha ukalipokea jani. Wagonjwa wakapiga makofi.

Sista aliandika kwamba ana nafuu. Eliamini akatia saini, na penye makazi ya mgonjwa akajaza: kwa shemeji yake, chumba cha uani.

Dawa alikabidhiwa Eliamini. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, Sista alieleza. Akianza tena habari za shamba, aongezewe kimoja.

Eliamini aliomba hilo aandikiwe, asije akasahau.