Mkaja wa Dirisha

Mume wangu Emanueli hakuiondoa kuvu ukutani; aliipaka rangi. Rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, kaifuata mwenyewe sokoni Soni wiki ile ile wakwe walipotuma habari kwamba wanakuja. Nikamwambia, baba Jenoveva, ukuta umelowa, fungua dirisha kwanza ukauke. Akasema mwezi wa saba ukifungua dirisha, baridi itaingia na kukaa kwenye sofa kabla ya wageni. Haya. Mwenye nyumba kasema.

Sebule yetu ni ya wageni tu. Siku nyingine imefungwa, pazia limeshushwa, na humo ndani kuvu inakula na kunenepa. Viatu vyangu vya kanisani vimewahi kuota manyoya. Moto tunawasha jiko la nje, maana Emanueli anasema watu walioendelea hawakai na moshi. Ni kweli tumeendelea. Tunalala na shuka mbichi.

Mimi ningevumilia. Lakini binti yetu Jenoveva ana pumu, na chumba chake kimepakana na hiyo sebule. Kipupwe kikiingia, kifua chake kinapiga filimbi hadi asubuhi, nami nakaa kitandani kwake nikimshika mgongo. Ndiyo maana posa ya Alen wa Soni ilipofika nilifurahi kuliko bibi harusi mwenyewe. Kwao nyumba ni mpya, tofali za saruji, vigae hadi barazani. Nikasema mwanangu anakwenda kupumua. Habari ya pumu hatukuwaambia. Baba yake alisema mtu hauzi mbuzi kwa kutangaza kikohozi chake.

Wakaja wawili: Mzee Clemence, mshenga, na Mama Scholastica, shangazi yake Alen. Shikamoo zikaitikiwa, chai ikamiminwa. Rangi ilinuka, na chini ya rangi ile harufu nyingine, ya gunia la mahindi lililonyeshewa. Shangazi akaegemea ukuta. Alipoinama kuchukua andazi, rangi ikabanduka, ikang'ang'ania kitenge chake, ukuta ukabaki mweusi tii.

Emanueli akaangalia dari. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Shangazi akajipangusa bega, akacheka. "Msione haya, wakwe. Kwetu ndiyo hayo hayo. Chumba cha maharusi tumekipaka rangi juzi, na kuvu imeshaanza kuchungulia. Dirisha lenyewe tumeliziba kwa kabati, maana baridi ile itaua mtu."

Wanaume wakacheka, roho zikatulia. Emanueli akasema kumbe tunafanana, basi ndoa hii kaipanga Mungu. Mimi moyo ulinishuka. Nilikuwa namtoa mwanangu kwenye gunia bichi na kumtia kwenye gunia jingine, tena kwa nderemo.

Mzee Clemence akamaliza mambo ya mbuzi wa baba, akanigeukia. "Sasa mkaja wa mama, haki ya tumbo lililombeba. Tumeleta blanketi, zito."

"Rudini nalo," nikasema. "Mkaja wangu ni dirisha."

Mzee huyo kawa mshenga wa ndoa nyingi milima hii, lakini hilo hakuwahi kulisikia. Akadhani nadai zaidi. Akaongeza blanketi la pili.

"Sitaki blanketi. Binti yangu ana pumu. Ondoeni kabati, dirisha lifunguliwe kila siku, iwe jua iwe baridi. Bila hivyo hatoki hapa."

Emanueli akanikanyaga mguu chini ya meza. Nami nikamkanyaga.

Shangazi alikuwa ameacha kucheka. Akamtazama Jenoveva, aliyekaa mkekani kainamisha kichwa, midomo kaibana tangu wageni waingie, kama tulivyomwelekeza.

"Mwanangu, ni kweli?"

Jenoveva aliniangalia mimi kwanza. Halafu akakohoa. Alikohoa yote aliyokuwa ameyazuia, akishika kifua kwa mikono miwili, nami sikumkonyeza anyamaze.