Gari la Miaka Miwili

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichowahi kukodiwa. Ngazi ilinunuliwa kwa ajili ya kupaka rangi ukuta mmoja, kisha ikalazwa nyuma ya nyumba ishike kutu. Viti vya harusi ya binti yao vilinunuliwa vyote, na vingi bado vilikuwa vimepangwa stoo mpaka darini. Mume ndiye aliyekuwa hivyo. Kitu cha watu, alisema, kilimnyima usingizi.

Kwa hiyo jioni ile aliposema, huku anavua viatu, kwamba anataka kukodi gari, machale yakamcheza mkewe.

"La kwenda wapi?"

"La kutembelea tu. Lile jekundu, kwenye duka la magari. Miaka miwili, halafu tunawarudishia."

Mkewe aliacha kukunja nguo. Alikuwa fundi cherehani mwenye karakana ya sare za shule, na wasaidizi wake walimwita Bi Mkasi, si kwa ajili ya kazi bali kwa ajili ya ulimi. Gari lenyewe alilijua: milango miwili, limeinama mbele kama paka anayevizia, na likiwashwa vioo vya dukani vinatetemeka. Mumewe, fundi magari, alikuwa amezeeka akifungua boneti za magari ya namna hiyo, akiyajaribu mpaka getini mwa gereji na kurudi kinyumenyume, basi. Kwamba alitamani moja, hilo halikumshangaza. Mwanamume wa umri ule akitaka gari la mbio, unamcheka na kumwacha. Kilichomkera ni lile neno kukodi.

"Kwa nini usinunue? Si umeuza hisa yako ya gereji?"

"Kukodi ndiyo mambo ya siku hizi, mama watoto."

"Wewe na siku hizi mmejuana lini?"

Mumewe alichukua taulo, akaingia kuoga, na akakaa huko mpaka maji ya tangi yakapungua.

Asubuhi Bi Mkasi alimpigia simu binti yake. Binti alicheka mpaka akakohoa.

"Miaka miwili tu? Huyo ana safari yake, mama. Hebu kagua kola, kama wake wa kwenye tamthilia."

"Koma. Baba yako huyo."

Alisema hivyo, na simu ilipokatika akaenda moja kwa moja kwenye kapu la nguo chafu. Alitandaza mashati ya mumewe juu ya meza ya kukatia, karibu na dirisha. Hakuona rangi ya mdomo. Hakusikia manukato, ila grisi na jasho analolijua. Lakini kola zilikuwa na jambo. Zote zilikuwa zimelika upande wa kushoto, pale kidevu kinapogusa mtu akigeuza shingo, na upande wa kulia zilikuwa nzima kabisa. Kola alizogeuza yeye maishani hazina idadi, na zote ziliisha nyuma, kwenye kisogo. Ya kuisha upande mmoja hakuwahi kuiona.

Nani huyo, kushoto kwake, anayemgeukia kila saa? Katika gari lao la mizigo, usukani uko kulia. Kushoto hukaa abiria. Bi Mkasi aliyakunja mashati akayarudisha kapuni.

"Nakwenda na wewe," alimwambia mumewe siku ya kwenda kulijaribu gari.

"Utachoka bure."

"Nitachokea hukohuko."

Dukani walipokewa na kijana wa mauzo mwenye suti ya buluu. Mikono ya koti ilimpita viganja, na Bi Mkasi alimpunguzia imani kwa hilo.

"Ukikodi, mama, hubebi mzigo," kijana alisema. "Unalipa kila mwezi, matengenezo makubwa ni juu yetu, muda ukiisha unatuachia ufunguo."

"Na nikienda mbali?"

"Kilomita zina kikomo. Ukizidisha unaongeza kidogo."

"Kidogo chako au kidogo changu? Na likikwaruzika?"

"Uchakavu wa kawaida hatutozi."

"Wa kawaida ni upi? Nionyeshe kwa kidole."

Kijana alicheka. Bi Mkasi alisubiri kidole.

"Ukinunua ni lako," kijana akahamia upande wa pili, "ila magari haya bei yake huporomoka mapema. Na ufundi wake, mama, utalia."

"Ufundi ndiyo kazi ya huyu."

Alipolisema ndipo alipolisikia vizuri. Mjini kote, mtu ambaye kununua kungemfaa ni huyu mumewe, maana kinachowaogopesha wengine yeye hukifanya kwa mikono yake. Sasa anakwepa nini?

Kijana alimnyooshea mumewe mkono, kutokea kushoto. Mkono ukabaki hewani. Mumewe alikuwa akilitazama gari, akitabasamu, kama vile pembeni yake hapana mtu. Kijana alipokohoa, aligeuza shingo nzima, kama kuku, akaushika.

"Samahani, bwana mdogo. Mawazo."

Bi Mkasi alikiona kidevu kikisugua kola.

Kijana alijikunja kwenye kiti cha nyuma, kidogo kama kiti cha mtoto. Mume alishika usukani, Bi Mkasi akakaa kushoto kwake. Injini ilinguruma, wakatoka. Aliendesha polepole, kwa upole, huku akimweleza kijana habari za gia. Bi Mkasi hakusikiliza. Alitoa leso yake nyeupe mkobani, akainyanyua karibu na shavu la mumewe, akaitikisa. Mumewe aliendelea kueleza. Akaisogeza mpaka ikakaribia sikio. Hata kope haikucheza.

Alikuwa bado ameishika alipoiona sare. Kijani, marinda matatu mbele, kazi yake mwenyewe, juu ya mtoto wa shule aliyeshuka ukingo wa barabara upande wa kushoto.

"Simama! Simama, mtoto!"

Gari lilisimama kwa kishindo, mikanda ikawakaba. Mtoto aliwatazama kwa hasira, akaweka begi lake sawa, akavuka.

"Mtoto gani?" mumewe aliuliza.

Bi Mkasi alimwambia asogeze gari kando, kisha akafungua mlango na kulaza kiti. "Kijana, shuka kidogo."

"Mama, utaratibu wetu..."

"Shuka."

Akashuka. Bi Mkasi alirudi ndani, akafunga mlango.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Usinipige chenga. Nimekupungia leso hapa shavuni, hukuiona."

Mumewe aliachia usukani. "Presha ya macho. La kushoto limebaki na mwanga tu. La kulia limeanza kuliwa pembeni. Daktari anasema labda miaka miwili."

"Ya kuendesha?"

"Ya kuona. Kuendesha alisema niache siku ileile."

"Ndiyo maana ukauza hisa."

"Nati ya breki iliniponyoka, mwenzangu akaiona. Sikungoja ya pili."

"Na mimi nimekaa nanusa mashati yako."

"Ulidhani nina mwanamke?"

"Nilidhani una akili! Ungemuua mtoto wa watu."

Aliinamisha kichwa. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ndogo. "Nikinunua, siku moja nitakuwa nalipapasa uani kama kabati. Nilitaka lirudi kwao wakati bado naweza kuliona likiondoka."

Bi Mkasi alitazama nje. Kijana wa suti alikuwa amesimama juani, anajifanya anasoma simu. Maneno ya ukali aliyokuwa ameyapanga tangu asubuhi yalikuwepo bado, lakini hayakuwa na mtu wa kuambiwa.

"Zunguka. Naendesha mimi."

Walirudi taratibu, kijana nyuma, mume kushoto amefumba macho, anasikiliza injini. Penye njia nyoofu isiyo na mtu alisema, "Kanyaga kidogo." Bi Mkasi akakanyaga. Gari likawabana kwenye viti. "Bado," mumewe akasema. "Bado. Sasa achia." Na akacheka peke yake.

Dukani kijana aliuliza kama mtu asiyetarajia kitu, "Kwa hiyo wazee wangu, mnakodi au mnanunua?"

"Tunakwenda kwa daktari wa macho," Bi Mkasi alisema.

"Nimeshaongea naye," mumewe alinong'ona.

"Umeongea wewe. Wewe hata mkwaruzo wa kawaida hukuuliza."

Nje, mumewe alikwenda kwa mazoea kwenye mlango wa dereva wa gari lao la mizigo. Bi Mkasi alizunguka mpaka kulia kwake, pale anapoona, akatandaza kiganja. Funguo zikatua humo.

"Kuna kingine unanificha?" alimuuliza walipokaa.

"Hakuna."

Alimkazia macho.

"Ngazi," mumewe akasema. "Haipo tena. Nilikosea kuikanyaga, nikaanguka, nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Lile goti nililokwambia niliumia gereji, niliumia hapo."

Bi Mkasi aliwasha injini.

"Haya, endelea," alisema. "Njia bado ndefu."