Mahali Penye Mtandao

Clothilde alikuwa hoi hata kabla mtihani haujaanza. Mwaka mzima alisomea afya ya jamii kwenye simu, katika chuo kilichoko Kinshasa, akizunguka Kisangani kuufukuza mtandao: leo nyuma ya kanisa, kesho juu ya ukuta wa jirani. Wenzake wa Kinshasa walisoma wakiwa wamejilaza kitandani. Haya, ndiyo dunia. Sasa ulibaki mtihani wa mdomo, uso kwa uso na mwalimu kwenye simu. Akianguka, chuo kinamfuta, na nafasi ya pili hakuna.

Mtandao wa maana aliupata mwishoni kabisa, tena hatua chache tu kutoka nyumbani: kwenye mawe ya maporomoko, baba yake anapotega samaki. Mnara uko ng'ambo ya mto, unatazamana na mawe hayo. Alijaribu, na kurasa za masomo zikafunguka bila kukwama. Alifurahi hadi machozi yakamtoka.

Siku yenyewe baba yake, Papa Octave, alitundika kitenge safi kwenye nguzo za mitego, akaweka kiti, kisha akawageukia wavuvi wenzake.

"Muache makelele! Mutoto iko na examen!"

Wavuvi wakanyamaza kama wako misani. Hata wa kukohoa alijizuia.

Mwalimu akatokea kwenye kioo cha simu, picha safi kabisa. Akauliza swali. Clothilde akajibu, na jibu alilijua barabara. Mwalimu akakunja uso.

"Sikusikii. Hiyo mashine nyuma yako, izime."

Mashine gani tena? Clothilde aligeuka, hakuona kitu. Akarudia jibu kwa sauti kubwa, kisha akapiga ukelele mpaka koo likamuuma. Mwalimu alitikisa kichwa tu. Clothilde akakimbilia nyumbani na simu mkononi. Mtandao ukakatika mlangoni. Akarudi mbio kwenye mawe, na safari hii mto ukaonekana nyuma yake.

"Mademoiselle, wenzako wote wametafuta mahali patulivu," mwalimu alisema. "Wewe umeenda kukaa katikati ya maji yanayonguruma. Basi, tumemaliza."

Kioo kikawa cheusi. Clothilde akakaa, akalia kwa uchovu zaidi kuliko uchungu.

"Bon, imeenda aje?" Papa Octave akauliza.

"Hakunisikia, papa. Anasema maji iko na makelele."

Mzee akautazama mto aliozaliwa kando yake, akatega sikio kwa makini, kisha akamgeukia bintiye.

"Makelele gani?"